Ambrosi Kalinga: Miaka Ishirini na Minne ya Metali na Asidi

Ijumaa, tarehe 11 Desemba 1959, Bwana Ambrosi Kalinga, msaidizi wa chumba cha sayansi katika shule yetu hapa Iringa, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na minne na miezi minane. Aliajiriwa Aprili 1935 kama mfagizi. Tangu hapo amefanya kazi chini ya wakuu wa shule watano na walimu wa sayansi saba, na huyo wa saba ndiye anayeandika maneno haya.

Walimu wenzangu waliniomba niandike kwa kuwa nafundisha kemia na nimekaa naye chumba kimoja kwa miaka mitano. Nimekubali kwa furaha, ila nawaomba wasomaji wanivumilie nikijitaja mahali fulani, maana kisa kimoja cha Mzee Ambrosi hakielezeki bila kueleza kosa langu.

Mzee Ambrosi alizaliwa mwaka 1904 karibu na Kalenga. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaishia hapo. Mwaka 1926, habari za dhahabu ya Lupa zilipoenea kila kijiji, alifunga mkeka wake na kwenda kwa miguu pamoja na vijana wenzake mpaka machimboni, kaskazini ya Mbeya. Wenzake walishika sululu. Yeye aliwekwa kuchota maji katika banda la mpimaji wa dhahabu, na huko ndiko alikokutana na asidi, au tezabu kama masonara wanavyoiita. Aliona kipande cha dhahabu iliyochanganyika na fedha kikitumbukizwa ndani ya chupa, fedha ikayeyuka ikapotea machoni, dhahabu ikabaki chini peke yake. Anasema siku ile hakula chakula cha mchana kwa kuwaza ile fedha imekwenda wapi.

Alikaa Lupa miaka minane. Hakurudi na dhahabu. Alirudi na kovu refu kwenye mkono wa kushoto na kanuni moja aliyoifundisha baadaye kwa mamia ya wanafunzi wetu: asidi ndiyo humwagwa ndani ya maji, maji hayamwagwi ndani ya asidi. Aliyetaka kujua sababu alionyeshwa kovu.

Alipoajiriwa hapa hakukuwa na chumba cha sayansi. Kilifunguliwa mwaka 1939, naye akapewa kazi ya kukifagia, kuosha vyombo vya kioo na kufuta ubao kila jioni. Mwalimu wa sayansi wakati huo alikuwa Mwalimu Timotheo, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mpole ambaye sasa yuko Mbeya kwa wajukuu zake. Yeye ndiye aliyenisimulia habari ya ubao.

Kabla ya kufuta, Ambrosi alikuwa na tabia ya kuhesabu herufi. Hakujua Kiingereza cha kutosha kufuata somo, lakini mishale iliyochorwa katikati ya ubao ilimvutia. Kushoto ya mshale viliandikwa vitu vinavyoingia, kulia vitu vinavyotoka. Baada ya wiki kadhaa aligundua kwamba kila herufi ya kushoto ilikuwepo pia kulia, na kwa idadi ile ile. Hakuna aliyemwambia. Alihesabu tu, kama mtu anavyohesabu ng'ombe wakitoka zizini na kuwahesabu tena wakirudi.

Jioni moja hesabu haikukubali. Mwalimu Timotheo alikuwa ameandika kwa haraka mwisho wa kipindi: zinki na asidi ya haidrokloriki upande wa kushoto, kloridi ya zinki na hewa ya haidrojeni upande wa kulia. Kushoto kulikuwa na haidrojeni moja. Kulia zilikuwa mbili. Kushoto klorini moja, kulia mbili. Ambrosi alifuta ubao wote akaacha mstari huo mmoja. Kesho yake Mwalimu Timotheo aliuliza kwa nini mstari umeachwa. Ambrosi akajibu kwamba ameona kazi yake haijaisha, kwa sababu haidrojeni mbili zimetoka na iliyoingia ni moja. Mwalimu alicheka, akachukua chaki na kuweka namba mbili mbele ya asidi. Tangu siku hiyo alimfundisha Ambrosi nusu saa kila alasiri baada ya masomo, kwa muda wa miaka mitatu.

Kwa wazazi ambao hawakusoma kemia, nieleze kwa kifupi. Metali kama zinki au chuma ikitiwa ndani ya asidi, asidi huchemka mapovu, metali hupungua, na hewa iitwayo haidrojeni hutoka. Tunaandika tukio hilo kwa herufi na namba, na maandishi hayo yanaitwa mlinganyo. Hakuna kitu kinachozaliwa pale wala kinachokufa. Vitu hubadilishana wenza tu. Kwa hiyo mwanafunzi lazima asawazishe pande mbili, kila kilichoingia kionekane kimetoka. Ni kazi nyepesi kwa maelezo, na imewatoa machozi vijana wengi wenye akili.

Wakati wa vita vifaa vilikuwa adimu. Mzee Ambrosi alizunguka maduka ya Iringa akiomba betri za tochi zilizokwisha nguvu, akazipasua na kukata makopo yake, maana makopo hayo ni ya zinki. Asidi ilipokwisha kabisa mwaka 1942, alisafiri hadi Mbeya kwa lori la mfanyabiashara mmoja, Mzee Bushiri, kuomba asidi ya salfuriki inayotiwa kwenye betri za magari. Alirudi na mtungi mkubwa kati ya magoti yake, siku mbili njiani kwa sababu ya matope. Walipofika Igawa abiria mmoja aliyekuwa ameegemea mtungi aliuliza kama ni asali. Mzee Ambrosi, ambaye hajui kudanganya, alimweleza kilichomo na kinavyofanya kazi. Abiria yule alishuka na kusema atangoja lori lingine.

Kwa asidi hiyo na makopo hayo ya betri madarasa matatu yalisoma mpaka vita vilipokwisha.

Katika miaka hiyo ndipo wanafunzi walipoanza kumfuata stoo. Alikuwa akiosha vyombo, nao wakimsaidia kukausha, na mazungumzo yakageuka somo. Alitumia nafaka. Punje ya mahindi meupe ilikuwa haidrojeni, haragwe jekundu lilikuwa klorini, na metali ilikuwa kokoto. Mwanafunzi alipanga nafaka pande mbili za meza na hakuruhusiwa kuondoka mpaka pande zilingane. Kosa kubwa la vijana ni kubadili ile namba ndogo inayoandikwa chini ya herufi ili hesabu ikubali upesi, na kumbe ukibadili namba hiyo umebadili kitu chenyewe, kama mtu anayeongeza mguu wa tano kwa mbuzi ili apate miguu kumi kwa mbuzi wawili. Mzee Ambrosi aliwaambia wote maneno yale yale, na wengi wanayakumbuka hadi leo: "Namba ya chini ni ya Mungu. Namba ya mbele ndiyo yako."

Mwaka 1953 alitokea mkaguzi mmoja ambaye sitamtaja jina. Alipopita stoo alikuta wanafunzi sita wa darasa la kumi wamezunguka mahindi na maharage, na mfagizi akiwasahihisha. Hakupendezwa. Wiki chache baadaye ilikuja barua. Ilisema kwamba mfagizi mwenye elimu ya darasa la nne hana idhini ya kuzungumzia masomo, si na mwanafunzi wala na mwalimu, na kwamba akirudia atafukuzwa. Mzee Ambrosi aliisoma, akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Nyumbani alikuwa na watoto wanne, na binti yake mkubwa, Lusia, alikuwa ndiyo kwanza ameingia shule ya bweni. Akatii. Vijana walipokuja mlangoni aliwaonyesha kwa kidole ofisi ya walimu, akaendelea kuosha. Mkewe, Mama Rozalia, ameniambia kwamba miaka miwili ile mumewe alikuwa akirudi nyumbani mapema na hakuwa na la kusimulia.

Hivyo ndivyo nilivyomkuta nilipofika Januari 1955, kijana wa Mbeya mjini, nimetoka Makerere na suti moja na maringo mengi. Niliiona barua ile kwenye faili na nikaona ni sawa. Nilimwita "Mzee" kwa sababu ya umri wake, lakini kwa kazi nilimwona mtu wa ndoo na kitambaa. Alinisalimu kila asubuhi kwa Kihehe, "Kamwene, Mwalimu," nami nilijibu nikiwa natembea.

Novemba ya mwaka huo darasa la kumi na mbili lilikuwa na watahiniwa ishirini na wanne. Siku ya mtihani wa vitendo wa kemia kila mmoja alitakiwa kuyeyusha magnesiamu ndani ya asidi ya haidrokloriki na kupima hewa inayotoka. Maelekezo yalimwachia mwalimu aamue uzito wa metali, kwa sharti kwamba metali yote iyeyuke. Tulikuwa tumeagiza chupa tatu kubwa za asidi kutoka Dar es Salaam. Zilikuja kwa njia ya Dodoma, na sanduku lilipofunguliwa mbili zilikuwa zimepasuka. Ilibaki moja, na mtihani ulikuwa baada ya siku tatu.

Nikakaa na daftari la mwalimu aliyenitangulia, nikapiga hesabu ya kugawa asidi iliyobaki. Hesabu ikakubali. Ilitosha watahiniwa wote, na ziada kidogo juu. Kwa kuwa asidi ilikuwa haba, niliacha kufanya jaribio langu mwenyewe la kuthibitisha, nikampa Mzee Ambrosi karatasi ya vipimo apime na kupanga. Lile ndilo kosa langu la pili. La kwanza sikulijua bado.

Asubuhi ya mtihani, saa moja na nusu, nilikuwa mezani kwangu nikipanga karatasi. Mzee Ambrosi aliingia akiwa ameshika kibomba kimoja cha kioo. Ndani yake kulikuwa na majimaji yaliyotulia na kipande cha utepe wa magnesiamu kimelala chini, hakitoi povu hata moja. Alisimama mbele ya meza.

"Mwalimu," alisema, "naomba ruhusa niseme jambo la darasani."

Nilimwambia, bila kuinua macho sawasawa, kwamba anajua barua inasemaje, na kwamba afuate vipimo kama vilivyoandikwa. Hakuondoka. Alikiweka kibomba juu ya karatasi zangu.

"Magnesiamu moja inakula asidi mbili," alisema. "Wewe umeipa moja."

Nilimjibu kwamba vipimo vimetoka kwenye daftari la mtihani wa nyuma, na mwaka ule hakuna aliyelalamika. Akasema ndiyo, anaukumbuka mwaka ule, ni yeye aliyeosha vyombo. Lakini asidi ya mwaka ule ilikuwa salfuriki. Asidi ya salfuriki ina haidrojeni mbili mwilini mwake, kwa hiyo moja inaitosha metali moja. Haidrokloriki ina moja tu. Nilitazama kile kipande cha metali kilicholala ndani ya kibomba. Nikavuta karatasi, nikaandika mlinganyo kama ninavyowafundisha watoto, nikahesabu haidrojeni kushoto, nikahesabu kulia. Watahiniwa ishirini na wanne wangekaa mbele ya metali isiyoyeyuka, wapime nusu ya hewa, waandike majibu ambayo hakuna msahihishaji angeyakubali.

Nilimuuliza kwa nini amejiingiza katika hatari hii, na barua anayo mfukoni.

"Nikifukuzwa nitalima," alisema. "Hawa wakianguka leo hawana pa kurudia."

Asidi haikuwepo ya kuongeza. Lakini alikuwa amekwisha kulifikiria hilo pia. Kama asidi haiwezi kuzidishwa mara mbili, basi metali ipunguzwe, kila kipande kikatwe na zaidi kidogo ya nusu yake iondolewe, ili asidi ibaki na ziada. Maelekezo yaliruhusu. Alitoa mkasi mfukoni. Yeye alikata, mimi nikapima kwenye mizani, kipande baada ya kipande, na tulipomaliza cha ishirini na nne kengele ya saa tatu ilikuwa inalia. Tulifanya jaribio moja kwa ile ziada. Metali iliyeyuka yote. Nilitoka nje dakika moja nikavuta pumzi nyuma ya tangi la maji, halafu nikafungua mlango nikawaita watahiniwa waingie.

Watahiniwa ishirini na mmoja walifaulu kemia mwaka ule. Wale watatu walioanguka waliangukia karatasi ya nadharia, na hapo Mzee Ambrosi hakuwa na njia ya kuwasaidia.

Hakusema lolote kwa mtu. Alipanga vibomba vyake, akafuta meza, akaenda kwake. Kama ningenyamaza, habari hii isingejulikana mpaka leo, na nakiri kwamba siku nzima nilifikiri kunyamaza. Jumatatu nilikwenda kwa Mkuu wa shule nikamweleza yote, kosa langu kwanza na barua baadaye. Mkuu aliniagiza niandike maelezo kwa mkono wangu na kuyatia sahihi, naye akayapeleka kwa wakubwa pamoja na barua yake mwenyewe.

Mkaguzi yule yule alikuja Machi 1956. Alimwita Mzee Ambrosi ubaoni mbele yetu, akaandika aluminiamu na asidi ya salfuriki, na salfati ya aluminiamu na haidrojeni upande wa pili, akampa chaki. Huo ni mlinganyo ambao vijana wengi huukimbia. Mzee Ambrosi aliutazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Aliomba radhi, akaenda stoo, akarudi na kopo la nafaka, akapanga kokoto na punje juu ya meza bila haraka, akahesabu kwa Kihehe chini chini. Akaenda ubaoni akaweka mbili mbele ya aluminiamu, tatu mbele ya asidi, na tatu mbele ya haidrojeni. Mkaguzi alihesabu mwenyewe mara mbili. Aliomba ile barua ya 1953. Mzee Ambrosi aliitoa mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo na ina matundu mawili ya asidi. Mkaguzi aliichana na kumpa mkono, na lazima niseme kwamba kumpa mkono mbele yetu sote kulimgharimu, naye alifanya. Mwezi uliofuata Ambrosi Kalinga aliandikwa rasmi msaidizi wa chumba cha sayansi.

Mambo mengine niyataje kwa mkato. Mama Rozalia amemtilia viraka makoti kumi na moja, na anasema anaweza kukuambia ni muhula gani kwa kuangalia matundu. Siku ya wazazi ya mwaka 1957, Mzee Ambrosi alipowasha haidrojeni kwa kijiti ili isikike ikilia pop, mpishi wetu Philbert alidhani ni bunduki akajifungia jikoni na wali wa wageni wote. Vibomba alivyovunja tangu chumba cha sayansi kifunguliwe ni vitatu. Mimi nimewahi kuvunja zaidi ya hivyo katika muhula mmoja. Lusia sasa ni mwalimu wa shule ya kati kule Njombe, na ameandika kwamba anawafundisha watoto hesabu kwa mahindi na maharage.

Mwezi uliopita kamati ilimuuliza angependa zawadi gani. Tulidhani atataja kiti au saa ya ukutani. Alisema anaomba kukaa. Hatukumwelewa. Akafafanua kwamba amesikiliza masomo ya sayansi kwa miaka ishirini akiwa amesimama, mara mlangoni, mara stoo, na angependa kukaa kwenye benchi kwa kipindi kimoja kizima kama mwanafunzi, apewe daftari, na kazi yake isahihishwe.

Kipindi hicho kilifanyika Alhamisi ya wiki iliyopita, pamoja na darasa la kumi. Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akakaa benchi la pili karibu na dirisha. Nilifundisha chuma na asidi. Alinyoosha mkono mara mbili, na mara zote mbili aliomba nirudie, kwa faida ya kijana wa pembeni yake aliyekuwa hajaelewa. Nilitoa milinganyo mitano ya kusawazisha. Wanafunzi walipoleta madaftari mezani, naye alisimama kwenye mstari akaleta lake.

Majibu yote matano yalikuwa sahihi. Nilikuwa nataka kuandika kumi juu ya kumi nilipoona kwamba jalada ni tupu. Nilimwambia mbele ya darasa, kwa sauti ile ile ninayowaambia wengine, kwamba daftari lisilo na jina silisahihishi. Alirudi kwenye benchi, akafungua kalamu, akaandika polepole. Liko mbele yangu sasa ninapoandika haya, kwa maana ameniazima nilionyeshe siku ya sherehe: Ambrosi Kalinga, Darasa la Kumi.

Mzee Ambrosi, kwa niaba ya walimu, wanafunzi wa sasa na wale waliotawanyika kutoka Iringa hadi Mbeya na mbali zaidi, tunakushukuru wewe na Mama Rozalia. Mungu akupe afya, shamba lako la Kalenga lipate mvua kwa wakati wake, na siku zako ziwe nyingi na za raha. Benchi la pili karibu na dirisha ni lako siku yoyote utakayotaka kuja kukaa.

Mrisho Matano
Mwalimu wa Kemia
Iringa, Desemba 1959